Kwa Nini Namba Tano wa Argentina Si Beki

Ubishi wa mashabiki wa mpira wa miguu kuhusu nani alivaa jezi namba ngapi, kifupisho fulani kina maana gani, na klabu fulani ilianza lini kuvaa rangi yake, huchukuliwa na wengi kuwa ni porojo za kijiweni za kupotezea muda, lakini ukichunguzwa kwa makini huonekana kuwa umehifadhi historia ambayo vitabu vya michezo huipita haraka. Maswali ya chemsha bongo yanayoulizwa katika ubishi huo ni ya aina mbili. Lipo swali la kumbukumbu, ambalo jibu lake huishia kwenye jina au mwaka, na lipo swali la chanzo, ambalo jibu lake haliwezi kutolewa bila kueleza kanuni, siasa au biashara iliyosababisha jambo lenyewe. Aina ya kwanza humpa sifa mwenye kukariri, ilhali aina ya pili ndiyo yenye elimu, na ndiyo itakayofuatwa hapa.

Kanuni za mpira wa miguu ziliandikwa Uingereza mwaka 1863, na kwa zaidi ya miaka 60 iliyofuata wachezaji wa huko waliingia uwanjani bila namba mgongoni. Tarehe 25 Agosti 1928, Arsenal ilipocheza na Sheffield Wednesday, na Chelsea ilipocheza na Swansea Town, ndipo namba zilipojaribiwa katika ligi ya nchi hiyo. Katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1933, Everton walivaa namba 1 hadi 11 na Manchester City wakavaa 12 hadi 22, utaratibu uliozingatia kwamba watu 22 waliomo uwanjani wanapaswa kuwa na alama 22 tofauti. Ligi ilizifanya namba kuwa za lazima mwaka 1939, na kila timu ikawa na 1 hadi 11 yake.

Jambo la msingi ambalo shabiki wa leo hulisahau ni kwamba namba hizo hazikuwa za watu bali za nafasi. Mfumo wa zamani ambao namba ziliufuata uliitwa piramidi, yaani kipa mmoja, mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, na namba zilihesabiwa kutoka nyuma kwenda mbele na kutoka kulia kwenda kushoto: kipa 1, mabeki 2 na 3, viungo 4, 5 na 6, na mstari wa mbele 7 hadi 11. Kwa hiyo namba 5 wa asili hakuwa beki, bali kiungo wa katikati kabisa, aliyekaba na kugawa mipira. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa, ikawa mshambuliaji anahitaji wapinzani wawili tu, badala ya watatu, kati yake na mstari wa goli ili asihesabiwe kuwa ameotea. Mabao yaliongezeka ghafla, na makocha wa Uingereza, Herbert Chapman wa Arsenal akiwa maarufu zaidi kati yao, wakamrudisha kiungo huyo wa katikati asimame kati ya mabeki wawili. Mchezaji alirudi nyuma, na namba zilipokuja, 5 ikamfuata huko.

Baadaye, mabeki walipokuwa wanne, kila nchi iliamua kwa namna yake ni kiungo yupi mwingine arudishwe, na hapo ndipo mashabiki wa nchi mbalimbali walipoachana. Waingereza walimrudisha namba 6 akae na namba 5, wakamwacha 4 katikati ya uwanja. Argentina viungo wa pembeni, 4 na 6, ndio waliorudi nyuma, namba 5 akabaki katikati alikozaliwa, na ndiyo sababu mpaka leo Mwargentina akisema "cinco", yaani tano, humaanisha kiungo mkabaji. Afrika Mashariki mabeki wa kati wamekuwa 4 na 5, na aliyebaki mbele yao ni 6. Hivyo kocha wa timu ya mtaa, Temeke au Kisauni, akisema anatafuta "namba sita", hakuna atakayemletea beki. Lugha hiyo ya namba imekolea kiasi kwamba nafasi za 2 na 3 huitwa mara nyingi kwa namba zake, na imetoka hata nje ya uwanja, kwani mitaani msaidizi wa kazi za nyumbani huitwa "beki tatu", utani ambao si kila msaidizi huupenda.

Tofauti hizo ziliwahi kuwagharimu watu mechi. Tarehe 25 Novemba 1953 Hungary iliifunga Uingereza mabao 6-3 katika uwanja wa Wembley, na sehemu ya mkanganyiko wa siku hiyo ilikuwa ya namba. Kwa Wahungari beki wa kati alikuwa namba 3, huku namba 5, József Bozsik, akiwa kiungo. Na Nándor Hidegkuti aliyevaa 9 hakukaa mbele kama ilivyotarajiwa kwa mvaaji wa namba hiyo, bali alishuka katikati ya uwanja. Harry Johnston, namba 5 wa Uingereza, alifundishwa kwamba kazi yake ni kumkaba namba 9, kwa hiyo akimfuata aliacha pengo nyuma, na akibaki alimwachia Hidegkuti nafasi ya kucheza apendavyo. Hidegkuti alifunga mabao matatu.

Namba ilianza kuwa mali ya mtu katika Kombe la Dunia la mwaka 1954, FIFA, yaani Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Miguu, ilipotaka kila mchezaji apewe namba moja ya kudumu katika mashindano yote. Kanuni hiyo ndiyo mama wa maswali matamu zaidi ya chemsha bongo. Mwaka 1958 orodha ya Brazil iligawiwa namba bila kuzingatia nafasi, kipa Gilmar akacheza na namba 3, na kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé akaangukiwa na namba 10, ambayo tangu hapo imekuwa na heshima ya pekee. Uholanzi mwaka 1974 ilifuata alfabeti ya majina ya ukoo, ila Johan Cruyff akaachiwa 14 yake. Matokeo yake mshambuliaji Ruud Geels akawa namba 1 na kipa Jan Jongbloed akawa namba 8. Argentina ilifanya hivyo hivyo mwaka 1978, kipa Ubaldo Fillol akavaa 5, na Mario Kempes, mfungaji bora wa mashindano yale, akapata 10 kwa sababu tu jina lake linaanza na herufi K. Anayedai kwamba Kempes alipewa namba hiyo kwa ufundi wake amekosea, ingawa ufundi wenyewe haubishaniwi. Mwaka 1982 utaratibu ulikuwa ule ule, kiungo Osvaldo Ardiles akavaa 1, lakini Diego Maradona alitolewa kwenye mstari wa alfabeti akapewa 10, na hapo ikadhihirika kwamba namba imekwisha kumzidi nguvu mwandika orodha.

Ligi Kuu ya Uingereza ilichukua utaratibu wa namba za kudumu na majina mgongoni katika msimu wa 1993/94, na baada ya hapo namba zikawa sehemu ya biashara ya jezi na pia ya kumbukumbu. Mkenya Victor Wanyama alivaa 67 akiwa Celtic ya Scotland, namba inayokumbusha kikosi cha klabu hiyo kilichotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. Mmorocco Hicham Zerouali alivaa 0 akiwa Aberdeen kwa sababu ya jina la utani lililotokana na jina lake. Mcameroon Marc-Vivien Foé alipofariki uwanjani tarehe 26 Juni 2003, Manchester City waliistaafisha namba yake, 23, yaani walikata shauri kwamba haitavaliwa tena na mchezaji mwingine.

Kwa upande wa herufi, chanzo cha ubishi mwingi ni kwamba nchi moja huweza kuwa na vifupisho zaidi ya kimoja. FIFA huiandika Tanzania kwa herufi TAN, ilhali viwango vya kimataifa vya majina ya nchi, vinavyotumiwa na benki na mashirika mengine, huiandika TZA. Oman ni OMA kwenye ubao wa matokeo na OMN kwingineko. Kongo mbili hutenganishwa kwa COD ya Kinshasa na CGO ya Brazzaville, na mwenye kumbukumbu ataongeza kwamba Kinshasa ilicheza Kombe la Dunia la mwaka 1974 ikiitwa Zaire. Herufi CCCP zilizokuwa kwenye jezi za Muungano wa Kisovieti wengi wamezisoma kwa Kilatini, kumbe ni za Kisirili na sauti zake ni S, S, S, R.

Vifupisho vya klabu vina mengi zaidi ya kusimulia, kwa kuwa huonyesha nani aliyelipa gharama za mpira. Zanzibar ina KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na JKU, yaani Jeshi la Kujenga Uchumi. Rwanda ina APR, ambazo ni herufi za Kifaransa za lililokuwa Jeshi la Wazalendo wa Rwanda. Kampala ina KCCA, iliyokuwa KCC mpaka baraza la jiji lilipogeuzwa kuwa mamlaka. Huko Lubumbashi, TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari kwa jina la Mtakatifu George, baadaye ikachukua jina la Englebert, kampuni ya Kibelgiji ya matairi, na ikajiongezea sifa ya "Tout Puissant", maneno ya Kifaransa yenye maana ya mwenye nguvu zote. Bingwa wa Afrika wa mwaka 1967 na 1968 ameandikwa kwenye rekodi kuwa ni Englebert, na shabiki asiyejua historia hiyo huweza kuapa kwamba klabu hiyo imekufa, wakati ndiyo hiyo hiyo iliyocheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter mwaka 2010.

Mfano wa Kenya unastahili kutazamwa kwa karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilitaka vyama na klabu ziachane na majina ya kikabila, na agizo hilo lilizigusa timu zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini. Abaluhya Football Club ikawa AFC Leopards, herufi zile zile tatu zikapewa maelezo mapya ya Kiingereza yenye maana ya muungano wa wachezaji wote. Luo Union ikawa Reunion, neno ambalo masikioni halikwenda mbali na lile lililoachwa. Gor Mahia, yenye jina la mganga mashuhuri wa masimulizi ya Waluo, ikaitwa kwa muda Gulf Olympic Rangers, jina ambalo halikuwa na ghuba wala olimpiki ndani yake, ila herufi zake za mwanzo zilitoa G, O na R. Hapakuwa na uasi wa wazi katika mabadiliko hayo. Agizo lilitekelezwa kwenye karatasi, na jukwaani watu wakaendelea kuita walichokuwa wakiita. Gor Mahia ilirudia jina lake, na ndilo lililoandikwa ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Simba ya Dar es Salaam nayo ilibadili jina, mwaka 1971, kutoka Sunderland, ambalo ni jina la klabu ya Uingereza inayovaa nyekundu na nyeupe, lakini ilibaki na rangi hizo hizo mbili.

Rangi, kwa hakika, ni ngumu kubadilika kuliko jina, na pale zinapobadilika huwa pametokea msiba. Brazil ilikuwa ikivaa nyeupe ilipofungwa 2-1 na Uruguay nyumbani Maracanã mwaka 1950, ndipo gazeti la Correio da Manhã likaendesha shindano la kubuni jezi yenye rangi zote nne za bendera, na mshindi akawa kijana Aldyr Garcia Schlee. Si rangi pekee, muundo wa jezi nao umezua migogoro. Cameroon ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2002 ikivaa jezi zisizo na mikono, FIFA ikazikataa katika Kombe la Dunia, na mikono myeusi ikaongezwa. Miaka miwili baadaye timu hiyo ikaja na jezi na bukta zilizoungwa kuwa vazi moja, ikaadhibiwa kwa faini na kunyang'anywa pointi sita, ambazo zilirudishwa baadaye. Aprili 2024 jezi za RS Berkane ya Morocco, zenye ramani ya nchi hiyo ikijumuisha Sahara Magharibi, zilizuiliwa Algeria, na nusu fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger, klabu iliyoinyima Yanga ya Tanzania kombe hilo hilo mwaka mmoja kabla, haikuchezwa. Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika likaipa Berkane ushindi.

Maswali ya namna hii yanaweza kujibiwa kuhusu Brazil na Hungary kwa sababu orodha za vikosi na namba zao zilitunzwa. Kwa Afrika Mashariki hali si hiyo. Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilishiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mjini Lagos mwaka 1980, na ilichukua miaka 39 kurudi, lakini picha nyingi za vikosi vya enzi zile, za timu ya taifa na za klabu, zimetundikwa majumbani au kufungiwa katika maktaba za magazeti zikiwa na majina ya mstari wa mbele tu, au zikiwa hazina majina kabisa. Mwenye picha kama hiyo na aketi na mchezaji mmoja wa kikosi kile angali hai, waandike nyuma yake jina la kila mtu, namba aliyovaa, uwanja na tarehe, kisha nakala moja ipelekwe kwenye klabu na nyingine kwenye shirikisho la nchi.