Kidonda cha Mguu Kinachorudi

Mtu wa Masisi au Walikale akipata kidonda cha mguu kinachopona na kurudi tena, wengine husema amelogwa, wengine humlaumu mama yake. Sivyo. Mara nyingine chanzo kimo katika damu aliyorithi kwa wazazi wote wawili.

Ugonjwa huo huitwa drepanositozi, au SS. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Ngozi karibu na kifundo cha mguu hukosa damu ya kutosha, hata mkwaruzo mdogo huwa donda la miezi mingi. Damu huweza pia kuganda ndani ya mshipa. Daktari James Herrick wa Chicago alipoandika habari za ugonjwa huu mwaka 1910, mgonjwa wake alikuwa na makovu ya vidonda miguuni.

Baba na mama wenye damu ya AS huonekana wazima. Lakini katika kila mimba yao, bahati ya mtoto kuwa SS ni moja katika nne. Basi mume asimfukuze mke, maana wote wawili wametoa sawasawa. Wachumba wapimwe damu kabla ya arusi.

Mgonjwa ashike haya:
1. Aoshe kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, akifunge kwa kitambaa safi.
2. Anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua, hasa katika msitu wa Walikale wenye malaria.
3. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, asiukande. Aende hospitali siku ile ile, kwa kuwa damu iliyoganda ikifika mapafuni huweza kuua.