Eti mshale wa spidi unadanganya?

Umepanda Hiace pale Buzuruga, unakwenda Igoma. Leo una bahati, maana konda hakukukunjia sura kwa sababu ya sare yako ya shule, na tena umepata siti ya mbele karibu na dereva. Unatupa jicho kwenye dashibodi. Mshale uko kwenye 60. Njia nzima imejaa maduka, bodaboda na wanafunzi wanaovuka, na sheria inataka gari lisizidi kilometa 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Unajikaza na kuuliza, "Samahani kaka, mbona tunakimbia?"

Dereva anacheka. "Mdogo wangu, usitishwe na mshale. Hii mishale inadanganya, hapo ni hamsini tu."

Hivi ni kweli? Nusu yake ni kweli, na madereva wengi wanaijua nusu hiyo tu. Hebu tuifuatilie habari yenyewe, ili siku nyingine ukikaa siti ile uwe na la kusema.

Mshale unahesabu nini?

Wengi tunadhani spidomita inapima barabara inavyopita chini ya gari. Haiwezi, kwa sababu haioni barabara kabisa. Inachojua ni magurudumu yamezunguka mara ngapi, basi. Mtengenezaji alipiga hesabu yake kiwandani: tairi la gari hili likizunguka mara moja, gari linasogea, tuseme, meta 2. Kwa hiyo likizunguka mara 500 kwa dakika, gari limekwenda meta 1,000 kwa dakika, yaani kilometa 60 kwa saa. Ni hesabu ya shule ya msingi hiyo.

Kwenye magari ya zamani kuna waya unaotoka kwenye gia boksi mpaka nyuma ya dashibodi. Gari likitembea, waya huo unazunguka na kuizungusha sumaku ndogo. Sumaku imekaa karibu na kikombe chepesi cha alumini kilichoungwa na mshale, lakini haigusani nacho. Mnaosoma fizikia mtaelewa haraka: sumaku inayozunguka inaamsha umeme mdogo ndani ya alumini, na umeme huo unakifanya kikombe kivutwe kuifuata sumaku. Springi nyembamba kama unywele inakizuia kisizunguke moja kwa moja. Mwendo ukiongezeka, mvuto unazidi nguvu ya springi na mshale unapanda. Mjerumani Otto Schulze alisajili uvumbuzi huu mwaka 1902, na magari yakautumia kwa miaka mingi sana. (Ukimkuta fundi gereji anafungua dashibodi ya gari kuukuu, omba akuonyeshe. Inapendeza kuliko mchoro wa kitabuni.)

Sasa angalia udhaifu wake. Sumaku ikizeeka inapungua nguvu, na mshale unaonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Springi ikilegea, mshale unapanda kupita kiasi. Waya ukikatika, mshale unalala kwenye sifuri safari nzima, na dereva anakisia kwa sauti ya injini.

Magari mapya hayana waya. Yana sensa inayohesabu mizunguko na kuipeleka kwenye kompyuta. Lakini hata kompyuta hiyo imeambiwa ukubwa wa tairi mapema. Ukibadilisha tairi bila kuiambia, yenyewe inaendelea na hesabu ile ile ya kiwandani.

Ile nusu ya kweli

Mtengenezaji anajua matairi hayafanani. Jipya ni kubwa kidogo kuliko lililochakaa, lenye upepo wa kutosha ni kubwa kuliko lililopungua. Hawezi kuahidi namba kamili. Na ipo Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inayosema kwamba spidomita isionyeshe hata siku moja mwendo mdogo kuliko wa kweli. Kuzidisha inaruhusiwa, lakini kwa kiwango: sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kweli, ukijumlisha kilometa 4. Gari likienda 50 kweli kweli, mshale unaweza kusoma mpaka 59. Likienda 80, unaweza kusoma mpaka 92. Ndiyo maana watengenezaji huuvuta mshale juu kidogo kwa makusudi, wasije wakavunja kanuni.

Kwa hiyo yule kaka hakutunga uongo. Kwa gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, 60 ya kwenye dashibodi inaweza kuwa 57, au 54. Inaweza pia kuwa 60 kamili, maana kanuni haimlazimishi mtengenezaji kuzidisha. Yeye amechukua namba inayompendeza.

Ile nusu nyingine

Tatizo ni kwamba magari yetu hayabaki kama yalivyotoka kiwandani. Mwanza ni mji wa mawe na vilima. Mtu akichoka kukwaruza tumbo la gari lake kwenye njia za mtaani, anaambiwa, "Weka tairi kubwa kidogo, linyanyuke." Anaweka. Gari linanyanyuka kweli, ila sasa kila mzunguko mmoja wa tairi unalisogeza meta 2.2 badala ya meta 2. Mizunguko 500 kwa dakika imekuwa meta 1,100, yaani kilometa 66 kwa saa. Spidomita haina habari. Kama ilikuwa inasoma sawasawa, inaendelea kuonyesha 60. Kama ilikuwa inazidisha kidogo, kile kidogo kimekwisha.

Umeona mtego ulipo? Dereva amezoea kwamba mshale unazidisha, kwa hiyo anaongeza kumi juu. Lakini kwenye gari hili mshale unapunguza. Makosa mawili yanajumlishana, na anayelipa ni wewe uliyekaa mbele bila mkanda.

Tairi kipara linafanya kinyume. Kwa kuwa limepungua, linazunguka mara nyingi zaidi na mshale unasoma juu zaidi, kwa kiasi cha asilimia 2 hivi. Usifurahi. Tairi kipara linateleza kwenye mvua, na lililopungua upepo linapata moto na kupasuka. Kwenye pikipiki, nyingi zinachukua hesabu kutoka gurudumu la mbele, na mara nyingi utakuta waya umeshakatika siku nyingi. Usimuulize bodaboda anakwenda ngapi, mwambie apunguze.

Kumi tu ina ubaya gani?

Tuchukue barabara kavu ya lami, breki nzima, na dereva mwepesi anayegutuka kwa sekunde moja. Mtoto anatokea ghafla mbele. Gari lililokuwa kwenye 50 linatembea karibu meta 14 kabla dereva hajagusa breki, kisha meta 14 nyingine mpaka lisimame. Jumla ni meta 28. Gari lililokuwa kwenye 60 linahitaji zaidi ya meta 36. Sasa jiulize: pale penye meta 28, ambapo gari la kwanza limeshasimama, hili la pili lina mwendo gani? Nilipopiga hesabu mara ya kwanza sikuamini, nikarudia. Bado linakwenda kama kilometa 40 kwa saa. Gari la kwanza linamwachia mtoto hofu tu. La pili linamgonga.

Shirika la Afya Duniani linasema kila wastani wa mwendo unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua inapanda kwa asilimia 4. Na kwa watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua. Hapo ndipo ulipo wewe, na mdogo wako pia.

Pima mwenyewe

Vipo vipimo visivyojali tairi. Tochi ya trafiki inapima gari lenyewe linavyosogea, kwa hiyo kumwambia askari "mshale wangu ulionyesha 50" hakusaidii. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa kinachosimamiwa na LATRA, kinachofuatilia mwendo kwa satelaiti. Simu yenye ramani nayo inatumia satelaiti. Kwenye barabara iliyonyooka, gari likiwa na mwendo usiobadilika, simu inakuwa karibu sana na ukweli. Ila gari linapoongeza au kupunguza mwendo ghafla, simu inachelewa kidogo.

Huna simu? Saa ya mkono inatosha. Ukisafiri kwenda Musoma au Shinyanga, tafuta nguzo za kilometa pembeni mwa barabara. Anza kuhesabu sekunde kwenye nguzo moja, malizia kwenye inayofuata, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 72 ni kilometa 50 kwa saa, sekunde 60 ni 60, sekunde 45 ni 80, sekunde 36 ni 100. Rudia kwa nguzo tatu au nne, maana mara ya kwanza utakosea.

Ukiona mwendo umezidi, anza na konda, kwa upole, lakini kwa sauti ambayo abiria wa jirani wataisikia. Mara nyingi yupo mama mmoja nyuma aliyekuwa anasubiri mtu aanze. Na kama mshale umesimama kwenye 80 huku saa yako inakupa sekunde 41, gawanya: ni karibu 88. Hapo muulize dereva, matairi haya ni yale ya mwanzo?