Desturi za Wanyanyua Vyuma

Wengi hudhani kuwa wanyanyua vyuma ni watu wa majivuno. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza mazoezi katika ua mmoja hapa Kampala, ambapo uzito wetu ni makopo yaliyojazwa saruji.

Desturi ya kwanza ni kusimamiana. Mtu akilala chali kusukuma chuma, mwenzake husimama upande wa kichwani, tayari kukipokea. Siku moja nilikataa kusimamiwa kwa kiburi. Mikono ikachoka, chuma kikanilalia kifuani. Kijana niliyekuwa nikimcheka kwa wembamba wake ndiye aliyekimbia tukakiinua pamoja.

Desturi ya pili ni kutomdharau mtu kwa umbo lake. Hata katika Olimpiki washindani hugawanywa kwa uzito wa mwili: Charles Ssekyaaya aliiwakilisha Uganda huko London mwaka 2012 katika daraja la kilo 62. Wanawake nao walianza kushindana Sydney mwaka 2000. Basi dada zetu wakija uani, tuwapishe.

Kijana yule sasa namsimamia, naye hunisimamia. Sijamcheka tena.