Mwanasaikolojia ajichunguze kabla ya kumchunguza mgonjwa

WAHENGA walisema nyani haoni kundule. Msemo huu humhusu kila mtu, lakini humhusu zaidi mshauri nasaha na mwanasaikolojia, maadamu kifaa chake cha kazi ni nafsi yake mwenyewe. Malezi yake ndiyo yanayomwambia lipi ni la kawaida na lipi ni ugonjwa.

Chukua mfano wa mama wa Sigalame, eneo la Samia katika Kaunti ya Busia, anayesimulia kwamba marehemu babake humjia usiku akidai mtoto aliyezaliwa juzi apewe jina lake. Mshauri aliyekulia katika jiji kubwa na kusomea vitabu vya Ulaya huenda akaandika kwamba mgonjwa anaona visivyokuwapo. Aliyelelewa katika kanisa linalokemea mila atasikia mapepo. Mshauri mzaliwa wa papo hapo hatashtuka hata kidogo, kwani miongoni mwa Waluhya si ajabu jina la marehemu kudaiwa ndotoni. Atauliza jina lenyewe na kumruhusu mama aende zake. Yamkini wote watatu wamekosea. Pengine mama huyo hajapata usingizi kwa wiki tatu, chakula hakimpiti kooni, na ndoto ni sehemu ndogo tu ya masaibu yake. Ugeni ulimpofusha wa kwanza, ilhali wa tatu amepofushwa na mazoea.

Historia ya taaluma hii nchini Kenya inaonyesha jinsi madhara yanavyoweza kuwa makubwa. J.C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, alisimamia Hospitali ya Mathari jijini Nairobi tangu 1938 hadi 1950, na alikabidhiwa kazi hiyo akiwa na mafunzo kidogo mno ya magonjwa ya akili. Mnamo 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kuwa Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, iliyoeleza uasi huo zaidi kama msukosuko wa nafsi za watu waliopoteza mila zao kuliko kama dai la ardhi na uhuru. Carothers hakuwa mjinga, na wala hakujiona kuwa adui wa Mwafrika. Alihesabu, akalinganisha, akaandika kwa lugha ya kisayansi. Asilolipima ni mahali alipokuwa amesimama yeye mwenyewe.

Ni rahisi kumwachia mkoloni lawama yote. Hata hivyo, mnamo Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua ghasia, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka kupitia Busia na Malaba kutafuta hifadhi nchini Uganda, huku wengine wengi wakijazana kambini humu nchini. Washauri waliokwenda kuwaliwaza waliofurushwa walikuwa Wakenya pia, wenye makabila yao na wagombea waliowapigia kura. Katika nchi ambapo jina aghalabu hutangaza mtu anakotoka, mshauri na mshauriwa walikuwa wamekwisha kupimana kabla ya salamu. Aliyejidanganya kwamba mafunzo yamemwondolea upande alikuwa hatari kuliko aliyejua kwamba anao.

Mpakani mambo huwa tata zaidi. Hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Waingereza walipoliunganisha na upande wa Kenya, Wasamia na Wateso walijikuta wamegawanyika pande mbili. Kwa hiyo “utamaduni wa Wakenya” unaotajwa darasani haumwelezi vyema mfanyabiashara wa Malaba ambaye mamake amezikwa ng’ambo. Wala mwanamke anayelala katika mji wa malori si lazima awe kahaba, ingawa si wauguzi na washauri wachache humwanzia na swali hilo.

Uganda yenyewe imetoa mfano unaofaa kuigwa. Watafiti waliotaka kutibu sonona katika vijiji vya Masaka na Rakai, vilivyoathiriwa vibaya na Ukimwi, hawakuanza na orodha ya maswali kutoka Marekani. Waliwauliza wanavijiji wanayaitaje masumbuko yao, wakatajiwa mawili kwa Kiganda: yo’kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Ndipo wakatengeneza vipimo vyao, na tiba ikatolewa kwa vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, vikiongozwa na wenyeji. Matokeo kutoka vijiji 30, yaliyochapishwa 2003, yalionyesha kwamba waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakupata tiba hiyo.

Mnamo 1998, madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walipendekeza kwamba badala ya kudai umahiri wa tamaduni za watu, mtaalamu awe na unyenyekevu mbele yake, na kujikagua kuwe kazi ya maisha. Pendekezo hilo lina manufaa hapa, kwa kuwa semina ya siku mbili kuhusu “mila za Waluhya” humpa mshauri majibu mapema mno.

Kujikagua huku ni kwa vitendo. Mshauri huandika alichokidhania aliposikia jina la mgonjwa, kabla hajamwona. Humpelekea msimamizi wa kabila jingine kumbukumbu zake. Humwuliza mgonjwa mwenyewe tatizo lake analiitaje, na huchunguza ni nani anayetafsiri. Katika jamii ambamo mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kuepukana, mama akitafsiriwa na mkwewe atajibu kwa adabu kwamba hajambo. Faili litafungwa, naye atarudi nyumbani na ugonjwa wake.