Rimoti mpya ya pikapu ya zamani, na zile ambazo bado zinaifungua

Pikapu ya familia hudumu kuliko rimoti yake. Gari la mwaka 2001 bado linabeba saruji, majani ya ng'ombe na watoto wa madrasa siku ya Idi, ilhali rimoti yake imekwisha pasuka ganda, vibonyezo vimezama, au imepotea sokoni. Mwenye gari hununua nyingine, humpelekea fundi umeme, milango ikaitika, na jambo likahesabiwa kuwa limekwisha. Sisi tunaona hiyo ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kujua ni rimoti ngapi nyingine ambazo gari hilo bado linazitii, na ziko mikononi mwa nani.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mara nyingi hukaa ndani ya ganda moja. Rimoti ni redio ndogo yenye betri bapa ya volti 3, mfano wa sarafu. Kazi yake ni kufunga na kufungua milango. Chipu ya kuwashia injini ni kitu kingine kabisa. Haina betri, hupata nguvu kutoka kwenye koili inayozunguka tundu la swichi, na kompyuta ya gari isipoitambua, injini haiwaki hata kama ufunguo umechongwa vizuri. Umoja wa Ulaya uliifanya kinga hiyo kuwa ya lazima kwa magari mapya ya abiria mwaka 1998, lakini katika pikapu za rika moja utaikuta hii inayo na ile haina. Kwa hiyo fundi anaposema ameprogramu ufunguo, ni haki ya mteja kumuuliza: umeprogramu milango, au injini, au vyote viwili?

Kabla ya kutoa fedha, betri ibadilishwe. Ni jambo dogo, nasi tunalitaja kwa sababu rimoti nyingi zinazosemwa zimekufa zina njaa tu. Ikiwa ni lazima kununua nyingine, isichaguliwe kwa sura. Rimoti mbili zinaweza kufanana kama pacha, moja ikatuma mawimbi ya megahezi 433.92 yanayotumika Ulaya, na nyingine megahezi 315 za Marekani ya Kaskazini. Gari la mawimbi haya halisikii ya yale, hata fundi akeshe. Nambari zilizoandikwa mgongoni mwa rimoti ya zamani, au ndani ya ganda lake, ndizo za kulinganisha.

Rimoti nyingi za miaka hiyo hazitumi neno moja la siri siku zote. Kila kibonyezo kikibonyezwa, msimbo hubadilika, na gari hutambua msimbo unaofuata katika mpango wanaoujua wao wawili. Mfumo mmoja mashuhuri wa aina hiyo, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na kampuni ya Nanoteq, kisha mwaka 1995 ukauzwa kwa Microchip ya Marekani. Basi kuprogramu ni kulitambulisha gari kwa rimoti mpya, ili liiweke katika orodha ya zile inazozitii. Orodha hiyo iko ndani ya gari, na ni fupi: katika magari mengi huchukua rimoti nne tu.

Kwenye pikapu ya Ford F-150 ya mwaka 2001, ambayo ndugu zetu walioko Marekani wanaifahamu, kazi hiyo haihitaji mashine. Milango yote hufungwa, mtu akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo kutoka kuzima hadi mahali taa za dashibodi zinapowaka, mara nane ndani ya sekunde 10, na mara ya nane akauacha hapo bila kuwasha injini. Milango ikijifunga na kujifungua yenyewe, gari limekubali kujifunza. Hubonyezwa kibonyezo chochote cha rimoti ya kwanza, milango ikajibu; kisha ya pili papo hapo bila kukawia, na kuendelea hadi zote ziishe. Mwishowe ufunguo huzimwa.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Katika Ford hiyo, rimoti ya kwanza kusajiliwa huifuta orodha yote ya zamani. Ambaye hakuleta rimoti yake siku ile, yake imekufa. Lakini Toyota nyingi za rika hilo zina njia mbili: ya kuongeza, ambayo huziacha za kale zikiendelea kufanya kazi, na ya kuandika upya, ambayo huzifuta kwanza. Mteja husikia milango ikilia na kufurahi kwa njia zote mbili. Hawezi kujua ni ipi iliyotumika asipouliza, na fundi mwenye haraka huenda akachagua ile iliyo rahisi kwake.

Tuchukue pikapu ya marehemu. Rimoti moja ilikuwa mfukoni mwake, nyingine alikuwa nayo dereva, ya tatu alipewa shemeji aliyelitumia gari wakati wa mavuno. Mjane yuko edani, miezi minne na siku kumi, na gari, ambalo sasa ni mali ya warithi wote, wakiwamo watoto yatima, linalala nje. Hakuna anayemtuhumu mtu. Lakini kitu kikipotea ndani ya gari hilo, tuhuma zitazaliwa zenyewe, na undugu utaingia dosari kwa kifaa kisichozidi kidole gumba. Agizo la kurudisha amana kwa wenyewe, ambalo limo katika Sura An-Nisaa aya ya 58, linakihusu pia kifaa hicho. Msimamizi wa mirathi azikusanye rimoti na funguo zote mapema, azihesabu mbele ya mashahidi, na isiyopatikana ifutwe kwa kuandika orodha upya.

Kufuta rimoti, hata hivyo, hakufuti ufunguo wa chuma. Aliye nao bado atafungua mlango kwa mkono, na kama chipu yake haijaondolewa kwenye kompyuta, atawasha injini pia. Hayo ni maombi mawili tofauti kwa fundi. Tena isisubiriwe mpaka ubaki ufunguo mmoja: katika Ford nyingi za Marekani za wakati ule, mwenye funguo mbili zinazofanya kazi aliweza kuongeza wa tatu yeye mwenyewe, ilhali mwenye mmoja alilazimika kutafuta mashine.

Kwa wanaouza na kununua pikapu zilizotumika, tunapendekeza mstari mmoja zaidi katika hati ya mauziano: idadi ya rimoti na funguo zilizokabidhiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandikiana katika madeni na kuweka mashahidi, kwa hiyo hatuoni kwa nini Mwislamu aone haya kuliandika jambo hili. Muuzaji anayebaki na rimoti kabatini bila kusema ameficha jambo ambalo mnunuzi angependa kulijua.

Fundi naye aelezwe kazi kwa ukamilifu na ujira ukubaliwe kabla hajashika bisibisi, maana malipo yasiyojulikana ni mlango wa ugomvi. Akimaliza, mwenye gari ajaribu kila rimoti kwa zamu, akiwa hatua kadhaa kutoka garini. Ikiwapo ya zamani isiyotakiwa tena, ijaribiwe mwisho, na milango isiitike. Mjane asiyetoka nyumbani hana haja ya kungoja eda iishe. Fundi aitwe uani, awepo mahramu wake, na rimoti zote ziwekwe juu ya boneti kabla swichi haijazungushwa.