KWA NINI KUNI MBICHI ZINATUMALIZA?

Kuni zinaweza kukaa darini mwaka mzima bila kuwaka. Lakini njiti moja ya kiberiti yatosha kuanzisha moto wa kupikia githeri ya watu kumi. Je, nguvu hiyo yote ilitoka wapi?

Haikutoka kwa kiberiti. Ilikuwa ndani ya kuni. Kuni zikiungana na oksijeni iliyo hewani, joto hutoka. Ila kwanza lazima zipewe joto la kuanzia. Ni kama kusukuma mkokoteni kupanda kilima: ukishafika juu, mteremko unaupeleka wenyewe. Kiberiti ndicho msukumo wa kwanza. Baadaye kila ukuni unaowaka husukuma ule ulio karibu.

Kuni mbichi hufanya kilima kiwe kigumu. Karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke hula joto la karibu gramu 150 za kuni kavu. Zaidi ya hayo, moto unapoa.

Hapo ndipo moshi hutokea. Ukuni ukipita digrii 200 hivi huanza kutoa gesi. Gesi hizo ni chakula cha moto, lakini nyingine huhitaji karibu digrii 600 ndipo ziungue. Moto ukiwa baridi, hazifiki. Basi zinapanda paani kama moshi, zinaumiza macho na vifua vya akina mama na watoto. Kumbe moshi ni kuni zilizopotea!

Kikundi chenu kifanye hivi:

1. Pasueni kuni ziwe nyembamba, mzipange mahali pakavu penye upepo kwa miezi kadhaa.

2. Tumieni jiko lenye ukuta wa udongo. Udongo hushika joto, moto usipoe.

3. Msijaze kuni hadi mlangoni. Hewa ipate njia.

Onyo: makaa hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Huua watu usingizini.

Katika mkutano ujao, pimeni kuni mbichi kilo 5, mzikaushe, halafu mpime tena. Mtajionea wenyewe ni maji kiasi gani tunabeba mgongoni kutoka msituni.