Tangu Lini? Utangulizi wa Elimu ya Viumbe na Mazingira Yanayobadilika

Muulize mzee wa Ngokolo, hapa Manispaa ya Shinyanga, nchi hii ilikuwaje zamani. Atakwambia palikuwa na pori na mbung'o. Muulize mjukuu wake, atakwambia pamekuwa hivi siku zote: vumbi, migunga na ng'ombe. Wote wawili wanasema kweli kwa kadiri ya umri wao. Elimu ambayo kitabu hiki kinamkaribisha msomaji kwayo inaanzia pale umri wa mtu mmoja unapoishia, na swali lake kuu ni fupi: tangu lini?

Tulichukue pori la mzee. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliendesha Shinyanga utafiti mkubwa wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, ambaye jina lake limebaki kwa mbung'o mmoja wa huku, Glossina swynnertoni. Njia iliyotegemewa ilikuwa kumnyima mdudu kivuli. Wasukuma wakakusanywa kwa maelfu kufyeka vichaka na kuwasha mioto ya mwisho wa kiangazi. Mbung'o wakarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapanuka, na ilipofika miaka ya 1980 mkoa ulikuwa umeshapachikwa jina la jangwa.

Wengi huishia hapo: palikuwa na pori la asili, akaja mkoloni na shoka. Lakini pori lenyewe lilikuwa la tangu lini? Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kufagia mifugo. Njaa na ndui zikawaandama watu. Malisho yaliyokosa wa kuyala na mashamba yaliyokosa wa kuyalima yakageuka vichaka, na mbung'o akapata makao. John Ford aliijenga hoja hii mwaka 1971, na Helge Kjekshus akaisukuma mbele mwaka 1977. Kjekshus alipigwa vita na wanahistoria wenzake kwa kuwachora watu wa kabla ya ukoloni kana kwamba waliyamudu mazingira yao bila matatizo, na kwa hilo nadhani alistahili. Hata hivyo kiini cha hoja kimesimama: sehemu ya pori lililofyekwa kama pori la tangu na tangu ilikuwa na umri usiozidi wa mtu mzima aliyeshika shoka.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni ulihangaika na vitalu na miche ya miti ya kigeni. Baadaye wataalamu wakawasikiliza wenyeji, ambao walikuwa na ngitili: eneo linalofungwa mifugo isiingie mvua zinapoanza, likafunguliwa kiangazi nyasi zinapokwisha kwingine. Watu wengi walikuwa wametenganishwa na ngitili zao walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970. Zilizorekodiwa mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofikia ukingoni mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2002.

Ukiingia katika ngitili changa, inama utazame chini. Utaona mashina matatu au manne membamba yamechipua kutoka kisiki kimoja kilichoungua. Mti ulikatwa, mizizi ikabaki hai. Kwa hiyo kilichorudi Shinyanga ni kile ambacho bado kilikuwamo ardhini, pamoja na vilivyoletwa na ndege na upepo. Mti ambao mizizi yake ilikufa na mbegu zake zikaisha haukuwa na pa kutokea. Wanaosema misitu imerudi kama ilivyokuwa wanatia chumvi. Iliyopo ni jamii mpya ya mimea juu ya mizizi ya zamani, na haipungukiwi thamani kwa hilo.

Viumbe hushikamana kwa namna ambazo jicho halizioni kwa haraka. Kwenye udongo mweusi wa mbuga huota mgunga mfupi ambao baadhi ya miiba yake imevimba chini. Sisimizi hutoboa vinundu hivyo wakaishi ndani, na mnyama akija kula majani humwagika kumuuma. Kule Laikipia, Kenya, sisimizi wa kigeni mwenye kichwa kikubwa amevamia na kuwaua walinzi hao. Tembo wakaivunja miti, uwanda ukawa mweupe, simba wakakosa maficho ya kuvizia pundamilia, wakageukia zaidi nyati. Utafiti huo, ulioongozwa na Douglas Kamaru, ulichapishwa katika jarida la Science mwaka 2024. Mdudu mdogo kabisa alibadili chakula cha simba.

Kipimo kingine cha wakati kipo kaskazini yetu, Ziwa Victoria. Mashapo ya kitako chake yanaonyesha kwamba lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Lilipojaa tena, samaki waitwao furu walichanua humo wakafikia spishi zaidi ya 500: wala mwani, wapasua konokono, wala magamba ya wenzao. Sangara, samaki mla samaki, aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akafurika. Inakadiriwa spishi 200 hivi za furu zilitoweka. Lakini furu mmoja wa Ghuba ya Mwanza, Haplochromis pyrrhocephalus, alikaribia kwisha kisha akarudi akiwa na umbo lililobadilika, pamoja na matamvua makubwa zaidi yanayomfaa katika maji yaliyopungukiwa hewa. Hayo yalitokea ndani ya miaka isiyozidi 30. Anayedhani mageuzi ya viumbe ni habari ya mamilioni ya miaka peke yake, aanzie kwa furu.

Geita inaandika sura yake sasa hivi. Kila duara, yaani shimo, la mchimbaji mdogo wa dhahabu linahitaji matimba ya kushikilia kuta, na matimba hutoka porini. Zebaki ya kukamatia dhahabu nayo huishia mitoni. Miti inayopendwa kwa matimba huisha kwanza, kwa hiyo pori linaweza kuonekana bado lipo huku muundo wake umeshageuka.

Kusoma sura zinazofuata hakuhitaji maabara. Kunahitaji daftari. Chagua eneo moja karibu nawe, andika tarehe, miti iliyopo, ndege unaowatambua na mifugo inayopita, kisha mwulize mtu mwenye umri mkubwa kuliko wako kilichokuwapo, nacho ukiandike kwa jina lile lile alilolitaja. Rudi hapo hapo mwakani msimu ule ule, na daftari usilitupe.